Mshahara wa Askari na Mshahara wa Afisa: Tofauti Yake na Sababu Zake

Mwanzoni mwa mwaka 1964 askari wa kawaida wa jeshi la Tanganyika alikuwa akipokea mshahara wa shilingi 105 kwa mwezi. Fedha hizo zikigawanywa kwa siku 30, ni shilingi tatu na nusu kwa siku. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari mwaka huo, askari wa kambi ya Colito, karibu na mji wa Dar es Salaam, walishika silaha, wakawakamata maafisa wao Waingereza na kuwaweka kizuizini. Waziri Oscar Kambona alipokwenda kambini kusema nao, walimtajia mambo mawili. La kwanza, mshahara uongezwe mpaka shilingi 260 kwa mwezi. La pili, maafisa Waingereza waondolewe, na Waafrika wapewe nafasi zao.

Matakwa hayo mawili hayakukutana kwa bahati. La kwanza lilihusu fedha, na la pili lilihusu njia ya kupanda cheo. Na katika jeshi lo lote fedha na cheo hufuatana. Somo hili linaeleza tofauti iliyopo kati ya mshahara wa afisa na ule wa askari, sababu zake, wakati gani watu huikubali, na wakati gani huwa donda.

SI JAMBO GENI

Mkubwa wa kazi kupata zaidi ya wenzake si jambo geni katika nchi hizi. Katika majahazi ya pwani desturi ya zamani ilikuwa kugawa mapato ya safari kwa mafungu. Kwanza zilitolewa gharama za chakula na sehemu ya mwenye chombo, kisha mapato yaliyobaki yakagawanywa. Baharia alipata fungu lake, na nahodha alipata zaidi ya fungu moja. Baharia aliweza kulikubali jambo hilo kwa sababu alijua kwamba chombo kikipanda mwamba, nahodha ndiye atakayeulizwa. Tena alizijua taratibu za mgawo kabla tanga halijatwekwa. Na la tatu, baharia kijana aliyejifunza nyota, pepo na mikondo ya maji aliweza kutumaini kwamba siku moja yeye naye atakuwa nahodha.

Mambo hayo matatu, yaani sababu inayoonekana, hesabu inayojulikana, na njia ya kupanda, yafaa yakumbukwe, kwa maana ndiyo mizani ya kupimia mshahara wa jeshi.

SABABU ZA AFISA KULIPWA ZAIDI

Sababu ya kwanza ni dhamana. Luteni mpya, hata akiwa kijana wa miaka 22, hukabidhiwa askari wapatao 30. Akitoa amri mbaya, watu watakufa. Na baada ya vita yeye ndiye atakayesimama mbele ya wakubwa wake na kueleza ilikuwaje. Kanali huongoza mamia ya watu, na jenerali huongoza maelfu.

Sababu ya pili ni elimu. Majeshi mengi hutaka afisa awe amesoma sana na kupitia chuo cha maafisa. Mtu wa elimu hiyo aweza kupata kazi nzuri ya raia, na serikali isipomlipa vya kutosha, atakwenda kwa wengine. Mkono mtupu haulambwi.

Sababu ya tatu imetoka katika historia, nayo si nzuri kama zile mbili za kwanza. Katika jeshi la Uingereza, mpaka mwaka 1871, nafasi nyingi za uafisa katika vikosi vya askari wa miguu na wa farasi zilinunuliwa kwa fedha. Mtu tajiri alimnunulia mwanawe uafisa kama vile anavyonunuliwa shamba. Askari wa chini naye alitoka katika nyumba za maskini. Kwa hiyo watu wa namna mbili walikaa katika kambi moja, wakala katika mabwalo mawili mbalimbali, na ilikuwa nadra sana mmoja kutoka upande wa chini na kufika upande wa juu. Ununuzi ulikomeshwa mwaka 1871, lakini mazoea ya kutenganisha watu hao yaliendelea kwa miaka mingi.

UKUTA KATIKA KEYA

Jeshi la King's African Rifles, ambalo watu wengi waliliita Keya, liliundwa mwaka 1902 kwa mfano huo wa Kiingereza, lakini likaongezewa ukuta mwingine. Maafisa walikuwa Waingereza, na askari walikuwa Waafrika. Mwafrika hodari aliweza kuwa koplo, kisha sajini, na mwisho sajini meja. Hapo ngazi ilikatika. Hata angalipigana vita viwili na kupata nishani, kijana aliyetoka Uingereza juzi alikuwa mkubwa wake, na mshahara wa kijana huyo ulikuwa mkubwa kuliko wake.

Katika Vita Vikuu vya Pili maelfu ya watu wa Afrika Mashariki walipigana huko Uhabeshi, Madagaska na Burma. Vita vilipokwisha mwaka 1945, kiinua mgongo cha askari kilihesabiwa kwa miezi aliyotumika, lakini kiasi cha kila mwezi hakikuwa kimoja kwa watu wote. Askari mweupe aliweza kulipwa mpaka mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Jambo hili litofautishwe na lile la kwanza. Tofauti ya afisa na askari husemwa kuwa ni ya kazi. Hii ilikuwa tofauti ya rangi, wala haikuwa na dhamana wala elimu ya kuitetea.

Katika miaka ya 1950 kililetwa cheo kipya cha Effendi kwa Waafrika waliokuwa wamefika juu. Neno hili lina asili ya Kituruki, na ndilo lililozaa neno "afande" ambalo askari wa Afrika Mashariki humwitia mkubwa wake mpaka leo. Lakini Effendi alisimama chini ya maafisa wote Waingereza, hata luteni mpya kabisa. Mfano mmoja ni Idi Amin wa Uganda. Aliingia Keya mwaka 1946, akawa Effendi mwaka 1959, na akapata uafisa kamili mwaka 1961. Safari hiyo ilimchukua miaka 15, naye alikuwa mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kuimaliza.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Uganda tarehe 9 Oktoba 1962, na Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Bendera zilibadilika, na mawaziri wakawa wananchi. Katika kambi za jeshi, hata hivyo, wakubwa wengi walibaki Waingereza, na bahasha ya mwisho wa mwezi haikuonyesha badiliko kubwa. Askari aliyesimama lindo mbele ya nyumba ya waziri aliona jinsi maisha ya wengine yalivyopanda, akaitazama bahasha yake yenye shilingi 105. Hapo ndipo inapofahamika kwa nini yale matakwa mawili ya Colito yalikwenda pamoja.

MFANO WA HESABU ILIYO WAZI

Katika nchi nyingi watu huijua mishahara ya jeshi kwa maneno ya kusikia tu. Jeshi la Marekani linafaa kwa kujifunzia, kwa sababu mishahara yake hupangwa kwa sheria, na jedwali lake huchapishwa kila mwaka ili kila mtu alisome. Jedwali hilo hutazama mambo mawili: cheo cha mtu, na miaka aliyotumika.

Tangu tarehe 1 Aprili 1925 mpaka leo ni miaka mia na zaidi, na mishahara imebadilika mara nyingi. Kwa hiyo hapa zinatumiwa hesabu za mwaka 2025 peke yake. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2025, askari wa cheo cha chini kabisa, akiisha kumaliza miezi minne ya kwanza, alipata mshahara wa msingi wa dola 2,319 kwa mwezi. Luteni mpya alipata dola 3,998. Yaani kila askari alipopata dola 100, luteni alipata karibu dola 172. Jenerali wa cheo cha juu kabisa alipata kidogo zaidi ya dola 18,800, ambazo ni kama mara nane ya mshahara wa askari mpya. Hapo pana kikomo kilichowekwa na sheria, na hata jenerali mkubwa haruhusiwi kukivuka.

Lakini jedwali hilo lina jambo jingine ambalo watu wengi hawalitazamii. Sajini meja wa daraja la juu, mwenye utumishi wa miaka kumi na zaidi, alipata zaidi ya dola 6,600 kwa mwezi mwaka huo. Kwa hiyo sajini meja humpigia saluti luteni kijana na kumwita mkubwa, na mwisho wa mwezi hupokea fedha nyingi kuliko yeye. Cheo hutoa amri, lakini miaka ya kazi na ujuzi navyo vina bei yake.

Tena, askari aliyetumika zaidi ya miaka minne kabla ya kupata uafisa hawekwi sawa na kijana aliyetoka chuoni. Katika vyeo vitatu vya kwanza vya uafisa ana mstari wake mwenyewe katika jedwali, nao ni wa juu zaidi. Maana yake ni kwamba miaka aliyobeba bunduki haikutupwa alipovuka kwenda upande wa pili.

NYONGEZA YA ASKARI WA CHINI

Hata hesabu iliyo wazi yaweza kuwa mbaya. Ubora wake ni kwamba kosa lake huonekana, na likionekana laweza kusahihishwa. Katika miaka iliyotangulia 2025 ilijulikana Marekani kwamba baadhi ya familia za askari vijana zilikuwa zikihangaika kupata chakula cha kutosha. Jambo hilo lilikuwa aibu kwa nchi yenye jeshi la gharama kubwa kama hilo.

Mwaka 2025 watu wote wa jeshi waliongezewa asilimia 4.5 kuanzia mwezi wa Januari. Kisha, kuanzia mwezi wa Aprili, vyeo vinne vya chini viliongezewa asilimia 10 tena. Mshahara wa askari wa chini ulikuwa dola 2,108 mwezi wa Januari. Mwezi wa Aprili ukawa dola 2,319. Mshahara wa luteni haukubadilika katika miezi hiyo. Kabla ya Aprili, kwa kila dola 100 za askari, luteni alipata karibu 190. Baada ya hapo akapata karibu 172. Pengo lilipungua, wala hapana afisa aliyepunguziwa hata senti moja.

MAMBO YALIYO SAWA KWA WOTE

Mshahara wa msingi si fedha zote anazopata mtu wa jeshi. Kuna posho na malipo mengine, na katika hayo cheo hakifanyi kazi kwa namna moja.

Posho ya nyumba huongezeka kwa kufuata cheo, mahali mtu anapokaa, na kama ana familia. Lakini posho ya chakula huenda kinyume. Mwaka 2025 askari aliwekewa dola 465 na senti 77 kwa mwezi, na afisa dola 320 na senti 78. Jambo hilo lina asili katika desturi ya zamani: askari alilishwa na serikali, na afisa alitazamiwa kujinunulia chakula kutoka mfukoni mwake.

Malipo ya kukaa mahali penye mapigano yalikuwa dola 225 kwa mwezi, kwa jenerali na kwa kuruta vile vile, kwa kuwa risasi haiulizi cheo. Na mtu akifa akiwa kazini, jamaa zake hupewa dola 100,000 mara moja, kiasi kile kile kwa cheo cho chote. Katika mambo haya mawili sheria imekubali kwamba kazi za watu hutofautiana kwa thamani, bali hatari ya kufa na msiba wa mjane haviwezi kupangwa kwa nyota za mabegani.

YALIYOFUATA MWAKA 1964

Baada ya kuiona hesabu hiyo, yafaa kurudi Afrika Mashariki na kutazama mwisho wa habari ya Colito, kwa sababu nchi tatu zilipatwa na jambo moja katika juma moja, na kila moja ikalijibu kwa njia yake.

Tarehe 21 Januari askari wa Tabora waliwafuata wenzao wa Dar es Salaam. Tarehe 23 askari wa Jinja nchini Uganda waliasi, na tarehe 24 wakaasi askari wa Lanet karibu na Nakuru. Serikali zote tatu ziliomba msaada wa majeshi ya Uingereza, na kwa viongozi waliopata uhuru juzi tu hilo lilikuwa jambo chungu.

Katika Tanganyika makomando wa Kiingereza walitua Colito alfajiri ya tarehe 25 Januari, na uasi ukaisha siku hiyo. Viongozi wa uasi walipelekwa mahakamani, jeshi la zamani likavunjwa, na mwezi wa Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Mkuu wake alikuwa Mirisho Sarakikya, Mtanzania aliyefunzwa uafisa katika chuo cha Sandhurst.

Katika Kenya kikosi cha Lanet kilivunjwa, na walioongoza wakashtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Pamoja na adhabu hiyo, kazi ya kuwaweka wananchi katika vyeo vya juu iliendelea, na mwaka 1966 Joseph Ndolo akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza jeshi la nchi kavu la Kenya.

Katika Uganda mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Waziri Felix Onama alipokwenda Jinja, askari walimzuia, na serikali ikakubali kuwaongezea mishahara. Askari walipata fedha, lakini walipata pia somo ambalo serikali haikukusudia kuwafundisha, kwamba bunduki huharakisha majibu. Tarehe 25 Januari 1971 jeshi la nchi hiyo lilimpindua Rais Milton Obote, na Idi Amin akashika utawala. Mambo mengi yaliingia kati ya miaka hiyo, wala haifai kusema kwamba nyongeza ya 1964 peke yake ndiyo iliyoleta mapinduzi. Hata hivyo, ni vigumu kuisoma habari ya 1971 bila kuikumbuka ile ya Jinja.

MAANA YA SOMO HILI

Askari wa Colito walivunja kiapo chao, na sheria iliwahukumu kwa haki. Askari akiisha kutumia silaha ya nchi kudai mshahara, raia asiye na silaha hana tena usalama. Lakini kosa la askari halifuti swali lililoulizwa. Shilingi 105 zilikuwa chache, na ngazi ilikuwa imekatwa katikati. Mambo hayo yangaliweza kusikilizwa kabla ya usiku ule, kwa barua na kwa baraza, na mkuu mwenye busara angalimsikiliza sajini wake mapema.

Wazee husema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya askari wa chini si kulipwa sawa na kanali. Haki yake ni kulipwa mshahara unaotosha kulisha watoto wake, kujua hesabu ya mshahara huo ilivyopangwa, na kuwa na njia ya kupanda ikiwa anafaa. Baharia wa jahazi alivumilia mafungu ya nahodha kwa sababu aliyaona mambo hayo. Mahali yasipokuwapo, hata tofauti ndogo ya fedha yaweza kuonekana kuwa dharau, na mtu mwenye bunduki aliyedharauliwa ni hatari kwake mwenyewe na kwa nchi yake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja sababu tatu za afisa kulipwa zaidi ya askari. Ni ipi kati ya hizo isiyofaa kutetewa siku hizi, na kwa nini?

2. Askari wa Tanganyika walitaka mshahara upande kutoka shilingi 105 mpaka shilingi 260. Kwa mwaka mzima tofauti hiyo ni shilingi ngapi?

3. Kwa nini malipo ya mahali pa hatari yawe sawa kwa watu wote, hali mshahara hauwi sawa?

4. Tanganyika, Kenya na Uganda zilijibu uasi kwa njia mbalimbali. Ungalikuwa waziri katika juma lile, ungalifanya nini kwanza, na ungalifanya nini mwaka mmoja kabla yake?